Dalali Aliyependa Kimya

Kama kuna kazi isiyomtaka mtu mkimya, ni ya udalali wa mnada, na kama kuna mtu aliyezaliwa nayo kinywani, ni huyu ninayetaka kuwasimulia. Kila Jumamosi alipanda juu ya meza kwenye uwanja wa mnada na kunadi makochi, majiko, vitanda na vyombo vya watu waliohama, na sauti yake ilifika mpaka ng'ambo ya barabara bila kipaza sauti. Angeweza kukuuzia kiti cha miguu mitatu ukaondoka unamshukuru. Hata nyumbani hakupumzika. Aliongea akinyoa ndevu, aliongea akitafuna, na mkewe aliapa kwamba humsikia akipandisha bei hata usingizini.

Sasa mtu huyo, katika mataifa yote ya dunia hii, akaenda kuwapenda Wafini.

Ilianza na kalenda. Kwenye mnada mmoja lilibaki boksi la makaratasi ambalo hata yeye alishindwa kuliuza, na ndani yake mlikuwa na kalenda ya zamani yenye picha za Ufini, nchi ya baridi kule kaskazini mwa Ulaya. Picha moja ilionyesha ziwa, gati fupi ya mbao, na mzee mmoja ameketi peke yake anaangalia maji. Hakuna mwingine. Dalali aliitazama picha ile mpaka wenzake wakamwita mara mbili, na yeye mwenyewe hakujua kwa nini moyo wake umetulia namna ile. Akaipeleka nyumbani, akaitundika sebuleni. Mwaka wake ulikuwa umepita zamani, lakini ole wako uiguse.

Tangu hapo akawa hashikiki. Alisoma kila alichokipata, akatazama kila video, akajua kwamba Wafini wakingoja basi kila mmoja husimama mbali na mwenzake, kwamba hawamsumbui mgeni kwa maswali, na kwamba watu wawili wanaweza kukaa pamoja kutwa bila kusemezana na wakaagana wameridhika. Habari hizo za kimya aliwasimulia watu bila kumeza mate. Alimsimulia muuza maji, akamsimulia fundi viatu, akawasimulia wafiwa msibani. Mtaani wakambatiza jina la Mfini kwa kumtania, naye akalipokea kama cheo.

Mkewe, mpishi mkuu wa shule ya bweni, alikuwa amezoea kulisha watoto wenye njaa na kelele, na hakuona kama mume mmoja angemsumbua. Alisema hana ugomvi na Wafini, ugomvi wake ni na kalenda isiyojua leo ni tarehe ngapi. Siku mumewe alipotaka kugeuza stoo iwe sauna, kile chumba cha joto cha Wafini, alimwonyesha paa lao la bati akamwambia sauna wanayo tangu wahamie. Mjadala ukafa hapo hapo.

Mapenzi yale yalikuwa na tunda moja kubwa. Binti yao wa mwisho, waliyezoea kumwita Kitinda, alipomaliza shule na kutaka kusomea uuguzi, baba yake hakuwa na nchi nyingine akilini. Alihangaika naye mpaka akapata nafasi Ufini, akaenda, akasoma, akabaki huko anauguza wazee. Kila alipopiga simu, baba alimweleza habari za Ufini. Siku nyingine alimsahihisha.

"Baba," Kitinda alikuwa akimwambia, "mimi ndiye ninayeishi huku."

Basi jioni moja akapiga simu kwa sauti ya kuvutavuta maneno. Alikuwa anakuja likizo, na hakuwa anakuja peke yake. Kuna mtu, Mfini, anataka kuja kuwasalimia wazazi. Salamu za namna hiyo kila mzazi anazijua. Mama akapiga kigelegele kimoja kifupi. Baba akakaa chini.

Furaha aliyokuwa nayo haielezeki, lakini ndani yake mlikuwa na hofu, na hofu yenyewe ilikuwa hii: Mfini wa kweli, aliyelelewa kwenye kimya chenyewe, atafika amkute baba mkwe mropokaji, amdharau, na Kitinda aaibike mbele ya mwanamume anayempenda. Dalali alijijua. Akaapa kwamba kijana huyo atapokelewa kama anavyopokelewa kwao, hata kama yeye mwenyewe atapasuka.

Akaitisha kikao cha nyumba. Alikuwepo mkewe, na alikuwepo shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa friji aliyeishi nyumba ya pili, mtu wa kukumbatia kila anayepita. Dalali akawasomea amri. Mgeni asishikwe wala asivutwe. Asiulizwe ametoka wapi, ana ndugu wangapi, wazazi wake wazima au vipi. Asilazimishwe chakula. Viti vya sebuleni vitenganishwe. Na zaidi ya yote, watu wapunguze maneno.

Shemeji akauliza kama kupumua kunaruhusiwa. Mama Kitinda hakucheka.

"Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo ninavyojua mimi," alisema. "Sasa wewe unataka tumvizie? Usiache mbachao kwa msala upitao."

Mumewe akamjibu kwa upole kwamba haachi chochote. Heshima, alisema, ni kumpa mtu kile anachokipenda yeye, si kile unachokipenda wewe. Na niseme haki, wazo lenyewe halikuwa baya. Ubaya wake ni kwamba katika kupanga kote kule hakuna aliyemuuliza Kitinda huyo mtu wake anapenda nini. Mkewe akakubali kwa shingo upande, nadhani kwa sababu katika maisha yao yote hakuwahi kuona mumewe akiahidi kunyamaza, na alitaka kuyaona hayo kwa macho yake.

Kitinda na mgeni wake wakafika siku ya Ijumaa, mchana. Kijana alikuwa mrefu hata akainama kuingia mlangoni, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi likapigika. Kwao, hilo Dalali aliligundua baadaye, alikuwa amefanya mazoezi kwa miezi. Kitinda alimfundisha kwamba mwanamume anayetaka mke haendi kwa wazazi mikono mitupu wala mdomo mtupu, kwamba ataulizwa ukoo wake wote, kwamba akikaribishwa kuongeza chakula akatae kidogo ili asisitizwe, na kwamba kabla ya yote hayo kuna neno moja ambalo lazima alitoe vizuri.

Akanyoosha mikono miwili, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Akaitoa safi, kama aliyezaliwa mtaa wa pili. Moyo wa Dalali ukaruka. Marahaba ikampanda kooni, ikafika ulimini, ikagusa meno. Akaimeza. Akarudi nyuma hatua moja ili kumwachia mgeni nafasi yake, akatikisa kichwa mara moja, taratibu, kama alivyojifunza mbele ya kioo.

Mnaojua shikamoo mnajua kwamba hiyo si habari gani, wala si hujambo. Isipoitikiwa haianguki chini ikaisha. Inabaki hewani, na aliyeitoa anabaki anaingoja. Kijana alibaki amenyoosha mikono. Kitinda akamtazama baba yake, akamtazama tena. Mama akawahi kumkaribisha kwa sauti kubwa, karibu mwanangu, karibu sana, akijaribu kuifunika shikamoo ile, lakini haikufunikika.

Chakula cha mchana kilikuwa mtihani. Mgeni aliwekwa kwenye kiti chake peke yake karibu na ukuta, kama mtuhumiwa. Alisubiri maswali. Hayakuja. Mwishoni akaamua kujiuliza na kujijibu.

"Waungwana," alisema, "mimi ni mtoto wa pili. Baba yangu ni fundi umeme. Mama yangu yupo, mzima, anawasalimu, na msiseme hamkuambiwa."

Shemeji akafungua mdomo kwa furaha, jicho la Dalali likaufunga. Mama Kitinda alimgeukia kijana na kumwangalia kwa makini. Kuna kitu katika usemaji ule alikijua, lakini hakuweza kukikamata. Kijana akaendelea kusema, akasifu wali, akasifu mchuzi wa kuku, akasifu hata mapazia, na kila sentensi ilizidi kuwa fupi. Alipokaribishwa tena chakula alisema ahsante, nimeshiba, akasubiri asisitizwe. Mkono wa mama ukaenda kwenye upawa. Dalali akakohoa. Sahani ikaondolewa, na kijana akaisindikiza kwa macho mpaka jikoni.

Na Dalali, je? Dalali alikuwa anajipongeza. Alijiona ameketi kimya na Mfini wa kweli chini ya kalenda yake, na akaamini kwamba kijana yule anajisikia kama yuko kwao. Kila neno alilolizuia lilimuuma tumboni kama njaa, naye akalivumilia kwa ajili ya mwanawe. Siku nzima ile hakumwambia mgeni ila "karibu" moja, na hiyo aliinong'ona.

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa anafunga kamba za viatu aende mnadani, mkewe akaingia akafunga mlango.

"Yule kijana anafunga sanduku," alisema.

Dalali akauliza kulikoni, wakati likizo bado mbichi.

"Anasema hataki kuleta ugomvi kati ya mtoto na baba yake. Ameniuliza kwa adabu kabisa kama amemkosea mzee kitu, maana hakuitikiwa shikamoo, hakuulizwa hata jina la mama yake, na alivyofundishwa yeye, mtu akifanyiwa hivyo amekataliwa. Mwanao amelia mpaka uso umevimba. Anadhani humtaki kwa sababu si mtu wetu."

"Simtaki?" Dalali akakaa kitandani na kiatu kimoja mkononi. "Mimi? Nilimheshimu!"

"Umemheshimu mpaka anaondoka."

Pale ndipo alipoielewa siku ya jana yote, kuanzia ile mikono iliyonyooshwa mpaka ile sahani, na akasikia aibu ikimchoma masikioni. Ukuta mmoja tu ulimtenga na chumba cha mgeni. Angebisha hodi akamaliza. Lakini huyu mtu aliyeweza kumuuzia kipofu kioo hakujua aanzie wapi, na watu walikuwa wanamngoja uwanjani. Akavaa kiatu cha pili, akatokea mlango wa nyuma kama mwizi.

Mkewe alimwona kupitia dirisha la jikoni akikata kona. Hakumwita. Alipakua chakula, akakifunga vizuri, akawaita Kitinda na kijana wake. Aliwaambia baba yao amesahau chakula chake cha mchana, kwa hiyo waende wakampelekee wote wawili, halafu wakirudi kila mtu afunge sanduku lake anavyotaka. Katika miaka yote ya ndoa yao Dalali hakuwahi kubeba chakula kwenda mnadani.

Uwanjani siku hiyo watu walikuwa wamejaa. Dalali alipanda mezani na majonzi yake, lakini wanasema mcheza kwao hutunzwa, na kazi aliyoizoea ilimshika mkono. Alipofikia kabati kubwa la nguo, zito, la mbao za zamani, alikuwa amewaka.

"Waungwana!" alinguruma. "Liangalieni kabati hili, na msiseme hamkuambiwa! Milango miwili, mmoja wa mume, mmoja wa mke, na kioo katikati cha kuamua nani ana kosa! Kabati hili limesikia siri za nyumba nzima na halijamwambia mtu! Nani wenu ana rafiki kama huyo? Wewe mzee, unaye? Basi mnunue! Bei iko pale, nani anaongeza? Yule mama ameongeza, Mungu ampe nguo za kulijaza! Mara ya kwanza! Mara ya pili..."

Akakatiza hapo. Kule nyuma, juu ya vichwa vya watu wote, alikuwa amesimama kijana mrefu, na pembeni yake Kitinda na kifurushi cha chakula.

Dalali alijiona kwa macho ya kijana yule: jasho, mishipa ya shingo imesimama, mdomo wazi. Kila alichokificha jana sasa kilikuwa juu ya meza mbele ya umma. Mkono wake ulibaki hewani. Watu wakaanza kulalamika, vipi, mara ya pili halafu? Yule mama akadai kabati lake.

Kijana akainua mkono.

"Mimi naongeza," alisema, na kila mtu akageuka. "Endelea, baba. Tafadhali endelea."

Uso wake ulikuwa mwekundu, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo Dalali hakulisoma popote katika habari za Wafini. Basi akaendelea. Sauti yake ilianza na mkwaruzo, halafu ikapata njia. Yule mama akaongeza, kijana akaongeza, uwanja ukashangilia, na kabla mtu hajapata fahamu zake kabati lilikuwa limepigiwa mara ya tatu kwa jina la mtu mwenye tiketi ya ndege na sanduku moja dogo.

Mnada ulipokwisha, Kitinda akaenda kutafuta mkokoteni wa kubebea kabati, akibishana na nafsi yake njia nzima. Dalali akashuka mezani. Kijana alikuwa amesimama mbele yake, mikono imelegea, hajui kama ainyooshe tena. Safari hii mzee ndiye aliyenyoosha.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ni ile ya jana. Nisamehe, imechelewa."

Wakakaa kwenye kochi ambalo halikupata mteja. Dalali akaeleza yote, kalenda, video, kituo cha basi, viti vilivyotenganishwa, na alivyojua kwamba Wafini hawapendi makelele. Kijana alimsikiliza bila kumkatiza. Halafu akaeleza ya kwake.

Huko Ufini, yeye na Kitinda walipanga vyumba kwenye nyumba moja yenye jiko la kushirikiana. Majira ya baridi ya kwanza, wakati jua halikawii kuzama, alikuwa akirudi kazini anakuta jikoni kuna sauti ya mwanamume. Binti alikuwa anapika huku amewasha simu, anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa baba yake, mrefu kuliko mapishi yenyewe. Mara ya kwanza kijana alidhani mle ndani kuna watu kumi. Hakuelewa neno, lakini akakaa. Kesho yake akaja tena, akaomba tafsiri. Baadaye akaomba ujumbe wenyewe, akawa anatembea nao masikioni kwenye theluji, akiurudia kwa mdomo.

"Kiswahili changu ni chako, baba," alisema. "Sina kingine."

Dalali akakumbuka waungwana na msiseme hamkuambiwa pale mezani jana, maneno yaliyotoka kinywani mwake mwenyewe, na hakuyatambua.

"Lakini kimya chenu," alisema kwa unyonge. "Mimi nilikipenda kweli."

"Ni kizuri. Mimi nimekaa nacho tangu nizaliwe, na sijakichoka. Lakini kwetu kipo kingi, baba. Sikukifuata huku."

Dalali akacheka mpaka springi za kochi zikalia. Halafu, kwa kuwa mlango umefunguka, akaingia mzima mzima. Ni kweli habari za kituo cha basi? Ni kweli. Na maziwa? Kweli, yako kila mahali, na kiangazi yana mbu wa kutosha kuwagawia majirani. Na yule mzee wa kwenye kalenda, anawaza nini? Kijana alifikiri, akasema nadhani anasubiri aitwe kahawa. Akaulizwa jina la mama yake, akaulizwa ndugu, akaulizwa mashangazi na majina ya watoto wao, akaulizwa alikula nini asubuhi, na alipokiri kwamba ana njaa tangu jana, kifurushi kilifunguliwa pale pale na Dalali akamsisitiza mpaka akaomba msamaha.

Alipomaliza kula, kijana akanawa, akakaa wima, akaacha kucheka.

"Baba, naomba kumwoa binti yako," alisema. "Tutaishi kule, kazi zetu ziko kule. Ndilo nililolijia."

Jibu Dalali alikuwa nalo. Alikuwa nalo tangu simu ile ilipoingia, hotuba nzima, na ilikuwa nzuri, yenye methali mbili na mzaha wa kuwaliza watu. Akafungua mdomo aitoe. Akamwona Kitinda, si huyu wa sasa, bali yule mdogo aliyekuwa akilala juu ya makochi ya mnada huku yeye anapiga kelele juu yake, haamki, kwa kuwa sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimbembeleza. Mnada ukiisha alimbeba begani mpaka nyumbani. Akafunga mdomo. Akafungua tena, hakikutoka kitu.

Kijana hakuuliza mara ya pili. Hakukohoa, hakujisogeza, hakujaza nafasi ile kwa neno lolote. Aliketi naye wakitazama uwanja uliobaki mtupu, na Dalali alipomshika mkono, naye akaushika. Wakakaa hivyo, na machozi ya mzee yakashuka bila haraka, naye hakuyafuta.

Kitinda akarudi na mkokoteni na mwenye mkokoteni. Aliwaona kwa mbali wameketi bega kwa bega bila kusemezana, na moyo ukampasuka. Akaja mbio.

"Baba, mbona umenyamaza? Mwenzangu amekuuliza? Sema basi neno."

"Usimsumbue," kijana akamwambia. "Ameshasema."